Mtoto wa Tanga kafundwa. Kaka yake je?

Mwanamke akijitambulisha Dodoma au Mwanza kwamba kwao ni Tanga, hakosekani mwanamume wa kutabasamu na kutikisa kichwa: "Ahaa, mtoto wa Tanga!" Haulizwi anafanya kazi gani. Mwenye kutabasamu kishajijibu mwenyewe: udi na asumini, maji ya kuoga yasiyo moto wala baridi, mume kupokewa mzigo mlangoni, wali wa tui zito, na mengine ya ndani yasiyosemwa mbele za watu. Mcheshi zaidi ataongeza habari ya limbwata, na dada wa watu inambidi acheke, maana akinuna ataambiwa hana utani.

Wengi wetu huku tunaipokea sifa hii kwa mikono miwili. Mimi hainipendezi. Inamtukuza mwanamke kwa yale anayomfanyia mwanamume, na inampa mtu baki ruhusa ya kumfikiria chumbani kabla hajamjua jina. Tena ni sifa ya upande mmoja. Sijapata kusikia bibi harusi akipongezwa hivi: "Umempata mwanamume wa Tanga? Una bahati wewe, wale wamefundwa."

Hawakufundwa, ndiyo maana.

Binti wa huku, awe Mdigo, Mbondei, Msegeju, Mzigua au Mswahili wa Ngamiani, anapokaribia kuolewa hukabidhiwa somo au kungwi. Zamani aliwekwa ndani tangu kuvunja ungo. Siku hizi mambo yamefupishwa lakini hayajafa, yamehamia ukumbini. Kuna kicheni pati yenye mapambo, sare, mshereheshaji, na makungwi wa kulipwa wanaogombewa mtaa hadi mtaa. Binti anaketishwa, kanga mbili, kichwa chini, anaambiwa namna ya kumjibu mume aliyerudi na hasira zake, namna ya kuomba matumizi, namna ya kuishi na mawifi. Mengine ni mazuri kabisa. Mengine, tuseme kweli, ni mafunzo ya kunyamaza.

Mvulana naye alikuwa na jando. Walikaa kumbini mpaka wapone, na katika kukaa huko walifundishwa nani ni wa kuheshimiwa, mlango gani hauingiliwi, na kwamba mwanamume hashibi peke yake watoto wakiwa na njaa. Sitaki kulipamba jando. Nyimbo zake nyingi zilikuwa matusi matupu, na matusi hayo yaliwaangukia wanawake. Lakini palikuwa na mzee mwenye wajibu wa kumkalisha kijana chini na kumwambia neno kuhusu mke na nyumba. Kisha tohara ikahamia zahanati na hospitali. Ni jambo jema: vifaa safi, sindano ya ganzi, mtoto anapona salama. Anatahiriwa angali mdogo, pengine hata maneno hayajamkaa mdomoni. Kisu kilihama, mafunzo yakabaki kumbini. Hakuna aliyekaa kikao akaamua iwe hivyo. Ni kwamba hakuna aliyeuliza yale maneno sasa yatasemwa na nani.

Matokeo yake, siku ya harusi wanakutana wawili ambao mmoja kakaa na makungwi, mwingine kakaa na rafiki zake wakimtania. Bwana harusi anavishwa kanzu na joho, au suti, anapewa nasaha za dakika chache kwenye hotuba ya nikahi, na nusu ya nasaha hizo haisikiki kwa vigelegele.

Tunaye mzee wetu aliyeliona jambo hili mapema. Shaaban Robert, mzaliwa wa Vibambani hapa hapa Tanga mwaka 1909, aliwatungia wanawe tenzi mbili za wosia: Utenzi wa Hati kwa binti yake, Utenzi wa Adili kwa mwanawe wa kiume. Hakuona kwamba mtoto wa kiume atajifunza ubinadamu kwa kuokoteza mitaani. Shuleni tunamsoma kwa ajili ya mtihani. Nyumbani Hati tumeishika, Adili tumeiweka kabatini.

Na asije mtu akasema mwanamume hafundishiki. Tazama hodi. Mwanamume mwenye adabu zake akifika nyumba ya watu hasimami mkabala na mlango. Anasogea ubavuni, uso kaupeleka barabarani, anaita hodi, ananyamaza kidogo, anaita tena. Akijibiwa na sauti ya kike kwamba baba hayupo, haongezi hatua. Anauliza hali za watoto akiwa pale pale nje, anaacha salamu, anakwenda zake. Akiita mara ya tatu kimya, anageuza. Hakuna mgambo anayemsimamia. Alijifunza utotoni, alipokuwa akitumwa kuomba chumvi kwa jirani na kurudishwa nje na kofi la kisogo siku aliyojiingilia bila kuita.

Adabu hiyo imo kwenye Surat An-Nur, aya ya 27, na wazee wameitia kwenye damu za watoto. Sasa songa mbele aya tatu tu. Aya ya 30 inawaamrisha wanaume wainamishe macho yao. Ya 31 ndiyo inawageukia wanawake kwa amri hiyo hiyo, kisha inaendelea na habari ya mavazi. Mpangilio uko wazi, wanaume wametangulia kuambiwa. Kumbuka basi mawaidha uliyoyasikia, ya msikitini, ya redioni, ya kwenye simu: mangapi yalianzia aya ya 30? Mawaidha ya mtandio wa binti yamejaa tele. Ya macho ya kijana aliyekaa barazani utayatafuta kwa tochi. Makanisani nako si haba. Waraka kwa Waefeso, sura ya 5, mstari wa 22 unaowataka wake wawatii waume zao, kila mtu anaujua kwa moyo. Wa 21, unaowataka wote wanyenyekeane, unapitwa kama kituo kisicho na abiria.

Narudi kwenye hodi, maana ina jambo ndani yake. Tunapoita hodi na kusimama ubavuni, tunamheshimu nani hasa? Ipime kwa mwanamke anayeishi peke yake. Chukua mpangaji wa chumba kimoja Makorora au Mikanjuni, mjane, au aliyeachika, au hajaolewa na hana haraka. Mwenye nyumba anakuja kudai kodi saa mbili usiku, anagonga huku anasukuma. Fundi umeme anaingia kwanza, salamu zinafuata. Jirani wa kiume anajikalia kitini hajakaribishwa, "nimepita kukutazama tu." Watu hao hao wakifika nyumba ya pili, yenye mume, miguu yao inakumbuka mafunzo yote ya utotoni. Hodi ile kumbe ilikuwa ya mwenye mke. Mke mwenyewe haikumhusu.

Hapo ndipo penye tatizo letu, na ndipo ninapotofautiana na wanaolia kwamba adabu imekufa. Haijafa. Ila tangu zamani imekuwa ikimfikia mwanamke kwa kupitia mwanamume aliye nyuma yake: mke wa fulani, binti wa sheikh fulani, dada yake fulani, usimguse. Asiye na wa nyuma yake anahesabiwa hana mlango. Zamani tatizo lilijificha kwa sababu mtaa mzima ulijuana na kila mtu alikuwa na ukoo unaotajika. Leo mji umejaa wageni: wanafunzi, wauguzi, wafanyabiashara, mabinti wa kazi waliotoka Lushoto na Handeni. Hakuna anayemjua baba yao.

Simama stendi ya Kange nusu saa utaona. Anashuka mama wa makamo: "Shikamoo mama yangu, lete huo mzigo, nikupeleke wapi?" Anashuka binti wa miaka ishirini: "Mchumba, panda twende." Binti anapita kimya. "Kwanza una sura gani wewe!" Anashuka binti mwingine, huyu kafuatana na kaka yake, na kijana yule yule wa bodaboda sauti inamgeuka: "Kaka, habari za safari? Mnaelekea mjini?" Mazungumzo yote ni ya kaka mtu, bei anapatana na kaka mtu, wakati nauli iko kwenye mkoba wa dada. Kijana huyu hakukosa malezi. Kafuata sawasawa malezi aliyopewa: mkubwa mheshimu, mwenye mtu mheshimu, aliyebaki ni wa kwako kumjaribu.

Lakini mji huu huu umeshaonyesha kwamba unaweza. Tanga ni mji wa baiskeli. Bibi mwenye baibui lake anakanyaga pedali mpaka sokoni Mgandini, kapu kalifunga nyuma, na hakuna anayegeuza shingo. Mgeni ndiye anayeshangaa. Sisi tumemwona tangu utotoni kuwa ni mtu anayekwenda zake, basi. Hatujawahi kuuliza mume wake ni nani ndipo tumpishe njia.

Wapo wanaosema sheria zipo, ziachiwe kazi. Zipo kweli. Mwaka 1998 Sheria ya Makosa ya Kujamiiana iliingiza kwenye Kanuni ya Adhabu kifungu cha 138D: kumbughudhi mtu kijinsia, hata kwa maneno tu, ni kosa, na adhabu yake ni kifungo kisichozidi miaka 5, au faini isiyozidi shilingi 200,000, au vyote viwili. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 66, inatamka kwamba hakuna mwenye haki ya kumpiga mwenzi wake, mila iseme isemavyo. Ni sheria nzuri, na aliyepigwa au kushikwa kwa nguvu azitumie bila haya. Lakini mwanamke gani atafunga meza yake ya vitumbua aende kituoni kuandikisha kwamba kaitwa mchumba? Sheria imetengenezwa kwa yaliyovuka mpaka. Jicho, mluzi, na namna ya kumwita mtu ni vitu vidogo mno kwa hakimu, na ndivyo vinavyomchosha mtu kila siku ya Mungu.

Sasa tugeuze upande, dada zangu wasije wakaondoka hapa wakipiga vigelegele. Mwanamume naye haheshimiwi kwa utu wake. Anaheshimiwa kwa mfuko, na hilo lina historia yake hapa kwetu. Tanga ilikuwa mji wa mishahara. Miaka ya 1960 Tanzania ilitoa zaidi ya tani 200,000 za mkonge kwa mwaka, na sehemu kubwa ilipita bandarini hapa. Kisha nyuzi za plastiki zikaja, bei ikaanguka, mashamba yakaendeshwa hovyo, na kufikia mwishoni mwa miaka ya 1990 mkonge ulishuka hadi tani 20,000 hivi. Kiwanda cha mbolea kikafungwa, na vingine vikafuata. Wanaume waliozoea kwenda na zamu wakabaki barazani na dhumna, na nyumba ikasimama kwa vitumbua, mihogo, samaki wa kukaanga na mitumba ya mama. Mume aliyekuwa akipokewa mzigo mlangoni akawa hana mzigo wa kupokewa. Na kungwi hakuwa amemwambia binti afanye nini siku hiyo ikifika, kwa sababu adabu aliyomfundisha ilikuwa imefungwa pamoja na ule mzigo.

Ndipo yalipoingia majina. Mwanaume suruali. Marioo. Kwenye kikoba mume anasimuliwa kwa kicheko mbele ya wanachama, mpaka anavyokoroma. Kanga yenye maneno ya kumchoma inaanikwa upande anaopitia, na taarabu ya mipasho inaongezwa sauti anapoingia. Wala usimwambie mtu kwamba hilo ni neno dogo, mwanamume kuchekwa nyumbani kwake kwa sababu kiwanda kilifungwa. Mtoto wa kiume wa miaka kumi na miwili anayekula wali huku baba yake anaitwa suruali anaondoka na somo kamili: heshima inanunuliwa. Siku naye akizishika pesa ataidai kwa nguvu, na atakayedaiwa hatakuwa mama yake, atakuwa mke wake, asiyejua chanzo. Siungani hata kidogo na wanaosema dharau ya mke ndiyo inayozaa kofi la mume. Kofi ni la aliyelipiga. Nasema tu kwamba wote wawili wanapimwa kwa vitu vilivyo nje yao, mwanamke kwa mume, mwanamume kwa mfuko, na mizani hiyo imeharibika zamani.

Kuna neno moja la kila siku linaonyesha haya yote kwa karibu: pole na kazi. Mama kaamka saa kumi alfajiri. Unga wa mchele kauacha umeumuka tangu jana usiku. Anawasha vifuu vya nazi, anapuliza, moshi unamtoa machozi, chuma kinapata moto, vitumbua vya kwanza vinashika, anavibandua na kuvitupia watoto kabla ya wateja. Mpaka saa mbili kauza sinia zima. Hapo ndiyo kwanza anafua, anakwenda sokoni, anakuna nazi, anapika. Saa kumi na moja jioni baba anaegemeza baiskeli ukutani. "Pole na kazi, baba Mwajuma." "Nishapoa." Anakaa. Yamekwisha. Hakuna aliyempa pole mama, kwa sababu mama hakuingia na mlango. Alikuwamo ndani siku nzima, na kazi ya aliyemo ndani macho yetu hayaioni.

Ninaye jirani anayefanya kinyume. Ni mtu wa majahazi, si msemaji, shule hakufika mbali. Akirudi anaita hodi nyumbani kwake mwenyewe, anatoa salamu, na neno lake la kwanza kwa mkewe ni "Pole na moto." Anapokea ndoo kama ipo ya kupokewa. Basi mtaa mzima una maelezo moja tu juu yake: kalishwa limbwata. Yaani mwanamume akiwa na adabu kwa mkewe, sisi hatuwezi kufikiri kwamba pengine ni adabu, tunatafuta mganga. Sijui kama kuna kipimo kizuri kuliko hicho cha tulipofika.

Kwenye mikutano ya mtaa ni hivyo hivyo, na sitapoteza muda hapo. Wanaume wanaitwa kwa majina yao wazungumze mmoja mmoja, kisha mwenyekiti anageukia mkekani: "Haya, akina mama mnasemaje?" Kana kwamba wamekula kiapo cha kuwa na wazo moja. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inataka baraza la ardhi la kijiji liwe na wanawake wasiopungua 3 kati ya wajumbe 7. Kiti wanakipata. Jina lao kutajwa ndiyo bado.

Nini kifanyike? Siamini katika semina za siku moja zenye posho na chupa za maji. Naamini katika vitu ambavyo tayari vipo na vina nguvu. Vijiwe vya bodaboda vina mwenyekiti, katibu na faini. Anayeruka zamu ya mwenzake analipishwa siku hiyo hiyo. Kijiwe kikiamua kwamba aliyemtukana abiria naye analipa, jambo hilo halihitaji mkuu wa wilaya. Khatibu anayepanda mimbari ana aya ya 30 mkononi mwake, aianzie hapo mara moja kwa mwaka tu tuone.

La muhimu kuliko yote, bwana harusi afundwe. Na simaanishi pati nyingine ya picha. Kwa Wadigo na Wazigua mjomba alikuwa na sauti kubwa juu ya kijana. Arudishiwe kazi yake. Jioni moja, wiki moja kabla ya nikahi, kijana akalishwe na wajomba wawili na mwanamume mmoja aliyekaa na mke wake miaka mingi kwa amani. Aambiwe mambo ya kawaida kabisa: kwamba mkeo ana jina, kwamba siku utakayokosa pesa sema mapema usijifiche barazani, kwamba wifi akimsema mkeo mbele yako, ukinyamaza umesema, kwamba kazi ya jikoni ni kazi, ipewe pole yake. Na aitwe kungwi mmoja mtu mzima, mwenye ulimi, aje aeleze upande wa pili, yale ambayo kwa miaka mingi amekuwa akiwaambia mabinti wayavumilie. Wajomba wakae kimya mpaka amalize. Kahawa, kashata, mkeka. Gharama yake haifiki hata bei ya keki.